Tusiionee haya nyumba ya miti na udongo

Jumatatu ya tarehe 5 Desemba 2005, saa nane na dakika chache mchana, ardhi ya Kalemie, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ilitetemeka. Kipimo kilikuwa 6.8, na kitovu kilikuwa humu humu ndani ya Ziwa Tanganyika. Nyumba ziliporomoka na watu walikufa. Mimi ni fundi wa mbao, kwa hiyo jioni ile na siku zilizofuata niliitwa huku na kule kuangalia mapaa ya watu. Kuta za matofali yaliyoshikizwa kwa udongo zilikuwa zimeachana pembeni, nyingine zimelala uani. Nyumba za miti zilikuwa zimepukutisha udongo na fito zimebaki wazi, lakini nguzo zimesimama na paa liko mahali pake. Wenyewe walichanganya udongo, wakakandika upya, wakaendelea na maisha.

Sijasahau nilichokiona siku zile, na ndiyo sababu naumia ninapoona mambo yanavyokwenda hapa Katanika, Kalemie. Mtu akipata pesa kidogo, jambo la kwanza ni kuibomoa nyumba yake ya miti. Hata asipokuwa na uwezo wa kununua saruji ya kutosha wala nondo, atajenga matofali juu ya msingi mwembamba, ataweka mabati na mawe juu ya mabati ili upepo wa ziwa usiyabebe, kisha atasema sasa amejenga. Katika mazungumzo yetu, na katika ofisi zetu, nyumba ya kudumu ni ile ya matofali na mabati. Nyumba ya miti hutajwa kwa sauti ya chini, kana kwamba aliyemo ndani yake bado hajaanza kuishi.

Mimi nasema nyumba ya miti na udongo, ikijengwa na anayejua, ni nyumba kamili. Ina sayansi yake, ina uzuri wake, na kwa ardhi hii inayotikisika na ziwa hili linalopanda, inatufaa kuliko mengi tunayoyakimbilia.

Anayejua kazi huanza porini, mwezi wa Juni au Julai, mti ukiwa haujajaa maji. Nguzo humenywa magome siku hiyo hiyo, kwa sababu gome ndilo makao ya wadudu, kisha hulazwa kivulini zikauke polepole. Zile za pembeni ndizo nene kuliko zote, na juu huachwa panda ya kuupokea mwamba wa paa. Fito hufungwa ndani na nje ya nguzo kwa kamba za magome, ingawa vijana siku hizi hupenda misumari na nyaya. Udongo mzuri ni wa kichuguu, kwa sababu mchwa wameshauchekecha. Hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi zilizokatwakatwa na kuachwa ulale. Mkono wa kwanza hujaza nafasi kati ya fito, ukauke na kupasuka. Upasuke tu, ndiyo kazi yake. Mkono wa pili huziba nyufa. Wa tatu ni wa akina mama, nao ndio mafundi hapo: husiriba kwa viganja mpaka ukuta uteleze, wakamalizia kwa udongo mweupe au mwekundu, na mwenye jicho atachora mstari kuzunguka dirisha. Ingia ndani ya nyumba hiyo saa saba mchana mwezi wa Septemba, kisha ingia chini ya mabati yasiyo na dari, ndipo utajua ninachosema.

Nyumba hii ina historia pia. Ukivuka ziwa hadi Ujiji utaona nyumba ya ukumbi katikati, vyumba pande mbili na baraza mbele, ambayo ilipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya karne ya 19, mifupa yake ikiwa miti na nyama yake udongo. Misafara hiyo ilivuka hadi kwetu, ikashukia Mtoa, kaskazini ya mji huu, na kuendelea hadi Kasongo na Nyangwe. Baraza tunazokaa jioni kuzungumza zina undugu na baraza za Bagamoyo na Ng'ambo ya Unguja.

Binti yangu anaishi Mulhouse, mashariki mwa Ufaransa. Nilipokwenda kumtembelea alinipeleka katika kijiji kiitwacho Eguisheim. Vichochoro vyake vinazunguka katikati kwa duara, kimoja ndani ya kingine, na kila nyumba ina mifupa yake nje: nguzo, mihimili na mishazari ya mti mweusi, na katikati ya miti ukuta uliopakwa buluu, njano au rangi ya embe. Nyuma ya nyumba za mwisho mizabibu inaanza palepale, inapanda mpaka inapokutana na msitu wa milima ya Vosges. Juu ya mapaa korongo weupe wamejenga viota vyao. Mwaka 2013 watazamaji wa televisheni walikichagua kuwa kijiji wanachokipenda kuliko vyote nchini, na watu husafiri kutoka mbali kutembea tu mle, kutazama kuta.

Nami nilitazama kuta, lakini kwa jicho la fundi. Mahali rangi ilipobanduka nilisogea karibu. Ndani mlikuwa na udongo uliochanganywa na majani makavu, umeshikiliwa na vijiti vilivyopangwa kati ya nguzo. Nilimwita binti yangu nikamwambia, njoo uone, hii ni kazi ya bibi yako. Alicheka, kisha akanyamaza, akaugusa ukuta. Nyumba hizo zina miaka 300, nyingine 400 na zaidi.

Kwa nini ya kwao imefika miaka hiyo na ya kwetu mara nyingi huchoka kabla mtoto aliyezaliwa ndani yake hajamaliza shule ya msingi? Hapo ndipo penye somo, na si somo la uchawi. Kwanza, nguzo zao hazifukiwi ardhini. Zinakaa juu ya boriti nene iliyolala, na boriti hiyo inakaa juu ya ukuta mfupi wa mawe, kwa hiyo maji na mchwa hawaufikii mti kwa urahisi. Sisi tunachimba shimo na kuifukia nguzo, kisha tunashangaa ikioza mguu. Pili, paa lao linatoka nje vya kutosha kuukinga ukuta na mvua. Tatu, mti wao ni mwaloni, mgumu kama mninga wetu. Nne, kila kiungo hukatwa kwa ulimi na tundu, kikafungwa kwa kigingi cha mti bila msumari, na fundi huchonga alama juu ya kila kipande ili ajue kinaingia wapi. Ufundi huo wa kuchora na kukata viunzi vya paa na nyumba uliingizwa na UNESCO mwaka 2009 katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Ufundi wa seremala, kazi ya mikono kama yangu, umewekwa pamoja na ngoma na ibada za mataifa!

Wao pia waliwahi kuzionea haya nyumba hizo. Kwa muda mrefu watu wengi wa Ufaransa walipaka lipu juu ya miti ili nyumba ionekane ya mawe, nyumba ya mtu mwenye cheo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijijini, nyingi ziliachwa zianguke au zilibomolewa kupisha saruji. Za Alsace, jimbo la Mulhouse na Eguisheim, ziliokolewa na kundi dogo la vijana. Miaka ya 1970, wakiongozwa na Marc Grodwohl, walianza kukarabati nyumba zilizohukumiwa kubomolewa katika kijiji cha Gommersdorf. Zile zisizoweza kubaki mahali pake walizifungua kipande kwa kipande na kwenda kuzisimamisha upya Ungersheim, ambako mwaka 1984 walifungua makumbusho ambayo ni kijiji kizima. Leo kina zaidi ya majengo 70, na mafundi wake wanafanya kazi mbele ya wageni. Nilikaa pale na seremala mmoja tukazungumza kwa patasi na nyundo zaidi ya maneno.

Mwaka 1982, upande mwingine wa nchi hiyo, meya wa Collonges-la-Rouge, Charles Ceyrac, alianzisha umoja wa vijiji vizuri kuliko vyote vya Ufaransa. Kijiji kinachoomba kuingia kisizidi watu 2,000 na kiwe na majengo au mahali palipolindwa kisheria. Uzuri wa kijiji, yaani, ulichukuliwa kuwa mali yenye mlinzi.

Nyumba inayofunguliwa, ikabebwa, ikasimamishwa kwingine: hilo ndilo lililonifanya nirudi Kalemie na haraka ya kuandika. Zamani huko Alsace nyumba ya miti ilihesabiwa kuwa mali inayohamishika, pamoja na kabati na mifugo. Mtu aliweza kununua nyumba bila kununua kiwanja. Na katika jimbo la Champagne, serikali ilipojenga bwawa kubwa la Der kuilinda Paris na mafuriko, vijiji vitatu vilifunikwa na maji. Bwawa lilikamilika mwaka 1974. Kanisa la kijiji kimoja, Nuisement, lilikuwa la miti na udongo. Lilifunguliwa, likahamishwa, likasimamishwa nje ya maji, na lipo hadi leo.

Sasa tazama ufuo wetu. Tangu mwaka 2020 Ziwa Tanganyika limekuwa likipanda. Mwaka 2021 maji yaliingia mitaa ya Kalemie, na mwaka 2024 yalirudi kwa nguvu zaidi. Nimeona nyumba nzuri za matofali, zenye vigae sakafuni, zimesimama ndani ya maji hadi madirishani. Mwenyewe anaweza kung'oa milango na mabati, ukuta hawezi. Jasho la miaka ishirini linabaki humo linayeyuka.

Na kwa ziwa hili si jambo geni. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika mdomo wa Lukuga, mto pekee unaotoa maji ya ziwa hili, akaukuta umejaa majani na matope. Maji yaliendelea kujaa, mpaka mwishoni mwa miaka ile ya 1870 kizuizi kikabomoka, Lukuga ukafunguka, na hadi kufikia 1894 ziwa lilikuwa limeshuka kama mita 10. Ufuo tambarare ambao mji wetu umetandaa juu yake, Wabelgiji walipoleta Albertville yao, jina la zamani la Kalemie, na baadaye, mwaka 1915, reli ya kutoka Kabalo, kwa sehemu kubwa ulikuwa chini ya maji wakati mababu zetu wakiwa hai. Mwaka 1964 maji yalipanda tena sana. Yatapanda siku nyingine. Anayejenga karibu na ziwa kama hili ajenge kitu anachoweza kukifungua na kukipandisha mlimani.

Katanika yenyewe imewajua watu waliohama. Mwaka 2016 na 2017, mapigano kati ya Batwa na Baluba yalipochoma vijiji vya Nyunzu, Manono na Kalemie, maelfu walifika hapa wakiwa na watoto mgongoni na sufuria kichwani. Walijenga vibanda vya nyasi, vidogo hivi kwamba mtu mzima alilala amekunja miguu. Moto ulikuwa tishio la kila usiku. Mashirika yalileta turubai, na ninashukuru, maana turubai lilizuia mvua. Lakini turubai chini ya jua letu halimalizi mwaka wa pili. Mara nyingi niliwaza: mwanamume huyu wa kutoka Nyunzu anajua kusimamisha nyumba ya miti kuliko mhandisi yeyote aliyechora kambi yao. Angepewa nguzo chache zilizokauka, mawe ya msingi na mabati ya paa, angejenga nyumba ambayo siku ya kurudi kwao angeifungua na kuondoka na viunzi vyake.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye duka la samaki wakavu, tulibishana naye juu ya haya. Aliniambia, "Papa, mzungu anakaa katika nyumba ya udongo kwa kupenda. Mimi nimekaa humo kwa kukosa. Leo nimepata, unaniambia nirudi?" Nilimjibu, "Mama, hapana, sikurudishi." Hoja yake ni nzito na haifai kupitiwa juu juu. Anayekumbuka mvua ya Machi ikipenya ukutani, panya wakichimba, na kila mwaka kukandika upya, ana haki ya kutaka kitu kigumu. Ila kilichomtesa ni nguzo iliyofukiwa, paa fupi lisilofunika ukuta, na sakafu iliyo sawa na uwanja. Hayo yote yanarekebishika kwa mawe ya milima yetu na kwa fundi aliyefundishwa. Na nyumba aliyoijenga sasa ya matofali, bila nondo wala mkanda wa saruji juu ya kuta, ndiyo aina ile ile niliyoiona imelala uani mwaka 2005. Kule Haiti, tetemeko la Januari 2010 lilipoiangusha Port-au-Prince, nyumba nyingi za zamani za mbao zilistahimili pale saruji ilipolala. Nikamwambia hayo pia. Hatujakubaliana, lakini ameniomba nikague paa lake.

Wengine wananiuliza juu ya msitu, na hapo wana haki zaidi. Nguzo zinatoka msituni. Lakini tofali la kuchoma nalo linatoka msituni: tanuru moja hula magogo usiku na mchana, na hayo magogo hayarudi tena kuwa kitu. Nguzo iliyokaa juu ya jiwe itadumu kizazi kizima na inaweza kutumika tena. Makaa ndiyo yanayokula zaidi. Simama barabara ya kuingia mjini asubuhi uone baiskeli zilivyobeba magunia.

Msitu wetu unastahili kulindwa kwa wivu. Panda mtumbwi wenye mashine uelekee kaskazini, na baada ya muda utaona milima ya Kabobo ikiteremka moja kwa moja kuingia majini, kijani kibichi hadi kileleni, na mawingu yamekaa juu yake hata kiangazi. Humo mna sokwe, na mna mbega weusi kwa weupe wa aina isiyopatikana mahali pengine popote duniani. Desemba 2016 jimbo letu la Tanganyika liliutangaza msitu huo kuwa Hifadhi ya Asili ya Kabobo, karibu kilomita za mraba 1,500. Chini ya milima hiyo, na kusini pia kuelekea Mpala na Moba, viko vijiji vya wavuvi vyenye nyumba za miti zilizopangwa juu ya mchanga, ndagala wameanikwa mbele, michikichi nyuma. Mgeni wa Eguisheim angesimama hapo na kusahau njia ya kurudi. Sisi wenyewe tunapita hapo tukisema, "kijijini tu".

Barabara ni mbaya na usalama haujatulia kila mahali, najua. Sisemi watalii watafika kesho. Nasema hata wasipofika, sisi tunaoishi hapa tuna macho.

Kwa hiyo naomba mambo yanayowezekana. Shule zetu za ufundi, zinazomfundisha kijana kupanga tofali na kumwaga zege, ziongeze nyumba ya miti katika masomo: msingi wa mawe, boriti ya kulala, ulimi na tundu, mshazari unaozuia nyumba isiyumbe. Wazee wanaojua kamba na udongo waitwe wafundishe, na walipwe. Ofisi zinazogawa viwanja zikubali kuwa nyumba iliyojengwa hivyo ni ya kudumu, maana anayeogopa kunyang'anywa kiwanja hatathubutu kujenga kwa miti hata akitaka. Na mashirika yanayojengea watu waliohama yaulize kwanza hao watu wanajua kujenga nini.

Kila aliye na shamba apande miti ya nguzo. Mjohoro hukua vizuri huku na mchwa hawaupendi. Mkalitusi hutoa nguzo baada ya miaka mitano hadi saba, ila upandwe mbali na chemchemi. Miti ya asili, mninga hasa, iachwe ikue. Tumeona magogo ya mukula, mti ulio ndugu wa mninga, yalivyopakiwa na kuondoka, na vijiji vilivyoyakata havikubaki na hata mlango wa mbao.

Kiangazi hiki mimi na vijana ninaowafundisha tunasimamisha nyumba moja ya mfano hapa Katanika: vyumba viwili, ukumbi na baraza, juu ya ukuta wa mawe unaofika magotini, paa limetoka nje urefu wa mkono. Viungo vyote ni vya vigingi, kila kipande kimechongwa alama. Kukandika kutaanza Agosti ili mikono yote mitatu ikauke kabla ya mvua za Oktoba, na akina mama wa mtaa wamekubali kusimamia kusiriba. Mjumbe yeyote wa serikali ya jimbo, padri, mchungaji, mhandisi au mwenye kiwanja anayetaka kujua inagharimu kiasi gani aje tumwonyeshe daftari la hesabu, nguzo kwa nguzo.